Kikapu kina bei. Na aliyechora uwanja je?

Wasee, kuna kazi ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia: kuchora viwanja vya gofu ya diski. Mchezo wenyewe ni rahisi. Unarusha kisahani cha plastiki badala ya kupiga mpira, na mahali pa shimo kuna kikapu cha chuma chenye minyororo. Anayeingiza kwa mitupo michache ndiye mshindi. Lakini nani huamua kikapu kikae wapi?

Mwaka 1975, Ed Headrick, aliyewahi kufanya kazi Wham-O, kampuni ya Frisbee, aliweka uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove, California. Mwanzoni watu walilenga milingoti tu, na ubishi haukuisha: imegusa, haijagusa! Ndiyo akabuni kile kikapu cha minyororo, na mwaka 1977 akapata hataza yake.

Hapa ndipo naona shida ilipozaliwa. Hataza ililinda chuma. Kikapu kikawa bidhaa, kina bei na risiti. Lakini kujua kwamba kinafaa kuwa nyuma ya mti huu, si ule, hiyo haikuwa na bei. Viwanja vingi Marekani vimechorwa na wapenzi wa mchezo waliojitolea, ndani ya bustani za umma ambako kucheza ni bure. Sasa bajeti ya mchoraji itoke wapi?

Na si eti kazi ni nyepesi. Mwaka 1983 Dave Dunipace alileta diski yenye ukingo uliochongoka. Ikaenda mbali kuliko zile za zamani, na viwanja vilivyopimwa kwa mitupo mifupi vikaonekana vidogo ghafla. Mchoraji lazima ajue pia kwamba diski ya mtu wa mkono wa kulia, akirusha kwa mtupo wa kawaida, huishia kushoto. Ukiweka bembea za watoto upande huo, umeita balaa. Kisha kuna upepo, maji ya mvua, na mizizi inayoachwa wazi na maelfu ya viatu. Yote hayo unayaona kwa kutembea msituni tena na tena, si kwa kukaa kwa kompyuta.

Wapo walioifanya iwe unga wao, kama John Houck wa Texas. Lakini ni wachache.

Maoni yangu ni haya: kazi ikifanywa vizuri hadi isionekane, watu hudhani haikufanyika. Sisi tunaochora logo na kuhariri video tunaijua hiyo lugha: "Si ni kitu ya dakika tano tu, bana." Bustani ikinunua vikapu 18 na ikose pesa ya kumlipa anayejua pa kuviweka, imenunua vyuma tu, bado haina uwanja.

Nyinyi mnasemaje? Mchoraji alipwe kwanza, ama kikapu?