Njumu: visanduku vya Venice, pembe za Kitui na kasha la nyanya

Njumu ni kazi ya kuchimba mbao vijifereji vyembamba na kuvijaza kitu cha thamani: pembe ya ndovu, mfupa, kaka la chaza, fedha au shaba. Huku Pwani jina hilo limebeba pia misumari ya shaba iliyopangwa juu ya makasha, ingawa hiyo ni kazi nyingine.

Italia wanasifika kwayo. Mwishoni mwa karne ya 14, karakana ya Embriachi, iliyoanza Florence kisha ikahamia Venice, ilitengeneza visanduku vya harusi vilivyozungushiwa vipande vidogo vya mbao, pembe na mfupa. Nyota zake zinafanana na kazi za mafundi wa Kiislamu wa Misri na Sham. Na nyingi ya kazi hizo si pembe ya ndovu, ni mfupa wa ng'ombe na farasi. Pembe ilikuwa ghali.

Sisi pembe ilitufikia kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba iliiteremsha Mombasa, na mfanyabiashara aliyejulikana zaidi ni Kivui Mwenda wa Kitui. Mmisionari Krapf wa Rabai alimfikia mwaka 1849, akarudi 1851. Safari hiyo ya pili Kivui aliuawa njiani. Nyingi ya pembe hizo ilipanda majahazi, ikaenda zake Bara Hindi na kwingineko. Lamu, Pate na Siyu tunajivunia viti vya enzi vyenye njumu ya pembe na mfupa, lakini ni nani kati yetu huwataja waliobeba mzigo?

Isitoshe, Wakamba wana njumu yao. Vigoda vya wazee vya miguu mitatu hupambwa kwa waya mwembamba wa shaba, uliozungushwa duara ndani ya duara na kugongwa hadi ukazama kwenye mbao. Tumezoea kumwona Mkamba kama mchonga twiga wa Changamwe wa kuuzia watalii. Uchongaji huo wa kuuza ulishika kasi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ufundi wa waya ni wa zamani zaidi.

Sasa madalali wanapita majumbani wakiulizia makasha na viti. Kabla ya kukubali bei, jua mambo mawili. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Pili, pembe ya ndovu haiuzwi, hata kama ni urithi. Tarehe 30 Aprili 2016 serikali ilichoma tani 105 za pembe pale Nairobi, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu nzito kwa anayeimiliki bila kibali.

Kuitofautisha si kazi kubwa. Tazama kwa kioo cha kukuzia: mfupa una vidoa au vistari vidogo vyeusi, navyo ni matundu ya mishipa ya damu. Pembe ya ndovu haina, na pale ilipokatwa upande utaona mistari inayokatana kama wavu. Ukibaki na shaka, kipeleke makumbusho ya Fort Jesus kabla dalali hajarudi.