Kichupa Kilichozaliwa kwa Dharura

Alhamisi ya tarehe 20 Novemba 1975, watazamaji wa kipindi cha Top of the Pops cha BBC waliona sura nne za wanaume zikichomoza gizani, nyuso zimeinuliwa, taa ikiwamulika kutoka juu. Wenyewe hawakuwapo studioni. Bendi ya Queen ilikuwa kwenye ziara ya maonyesho iliyoanzia Liverpool siku sita kabla. Kilichorushwa hewani ni kanda ya video ya "Bohemian Rhapsody", wimbo uliotangulizwa kuitambulisha albamu yao ya nne, A Night at the Opera, iliyotoka mwezi huohuo.

Aliyeutunga na kuuimba ni mtoto wa Zanzibar. Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake wakiwa Waparsi waliotoka India. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika mahakama chini ya serikali ya Waingereza. Mtoto alipelekwa shule ya bweni India, akarudi Unguja, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Huko akasomea sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, London. Nembo ya Queen aliichora kwa mkono wake, na jicho hilo la mchoraji lisisahaulike tunapokizungumzia kichupa hiki.

Wimbo wenyewe ulitesa watu. Kurekodi kulianza Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, karibu na Monmouth huko Wales, kukaendelea katika studio nyingine kadhaa, prodyuza akiwa Roy Thomas Baker. Sehemu ya opera peke yake ilichukua wiki kama tatu. Mercury, mpiga gitaa Brian May na mpiga dramu Roger Taylor walikuwa wakiimba kwa muda wa saa 10 hadi 12 kwa siku, sauti juu ya sauti, mpaka watu watatu wakasikika kama kwaya nzima. Mashine ya kurekodia ilikuwa na njia 24 tu. Zikijaa, sauti zilizokwisha kuimbwa zilikusanywa na kuhamishiwa njia moja au mbili ili nafasi ipatikane kwa nyingine mpya. Zoezi hilo lilirudiwa mara nyingi hata unga wa kanda ukapukutika. Ukiielekeza kwenye taa, mwanga ulipenya upande wa pili.

Ulipokamilika, ulikuwa na dakika 5 na sekunde 55. Wakubwa wa kampuni ya EMI walisita, maana redio zilizoea nyimbo za dakika tatu hivi. Queen walikataa katakata kuukata. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, rafiki wa Mercury, alipata nakala akaupiga mara 14 katika wikiendi moja, na wasikilizaji wakaanza kuuliza utauzwa lini. Santuri ikatoka tarehe 31 Oktoba.

Hapo ndipo lilipozuka suala la televisheni. Kufika Top of the Pops kulimaanisha kusimama studioni na kufuatisha midomo kwenye wimbo, na wimbo huu wenye sauti zilizorundikwa hivyo ungewatia aibu. Jukwaani kwenyewe sehemu ya opera hawakuwahi kuiimba moja kwa moja. Ilipigwa kwenye kanda. Tena ziara ilikuwa inakaribia.

Tarehe 10 Novemba, wakiwa kwenye mazoezi katika studio za Elstree, walimwita mwongozaji Bruce Gowers. Alitumia kamera za video za televisheni badala ya filamu ya sinema. Kazi ilikwisha kwa muda wa saa nne hivi, na gharama yake haikufika pauni 5,000. Mwanzo wake unafufua picha iliyopigwa na Mick Rock kwa ajili ya jalada la albamu ya Queen II ya mwaka 1974, ambayo nayo ilitokana na picha ya mwigizaji Marlene Dietrich.

Ninachokistaajabia zaidi ni ufundi wa katikati. Kompyuta haikuguswa. Nyuso zilizozidishwa na kujipanga duara zilipatikana kwa kioo cha pembe nyingi kilichowekwa mbele ya lenzi. Na ule uso wa Mercury unaojirudia na kufifia kwa mbali ulipatikana kwa kuielekeza kamera kwenye runinga iliyokuwa ikionyesha picha ya kamera hiyohiyo, kama mtu aliyesimama kati ya vioo viwili. Mtazame pia mpiga besi John Deacon. Uso wake umo pamoja na wenzake, midomo inacheza, ilhali katika wimbo hakuimba hata neno.

Wengi husema hiki ndicho kichupa cha kwanza duniani. Si kweli. The Beatles walikuwa na filamu za nyimbo zao tangu miaka ya 1960, na ABBA nao walishaanza. Kilicho kweli ni kwamba Queen walithibitisha kuwa picha inaweza kuuza wimbo bila msanii kukanyaga studio ya televisheni, miaka sita kabla MTV haijaanza mwaka 1981.

Wimbo ulikaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa, ukaondolewa na "Mamma Mia" ya ABBA. Mercury alipofariki tarehe 24 Novemba 1991, ulitolewa tena ukarudi namba moja. Mwaka 2019 kichupa kilivuka mitazamo bilioni moja YouTube, cha kwanza kufika hapo miongoni mwa vile vilivyotengenezwa kabla ya miaka ya 1990. Mwaka huohuo jumba la makumbusho ya Freddie Mercury lilifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe.

Mercury amepata heshima yake, na anaistahili. Gowers, aliyefariki Januari 2023, hatajwi sana. Anayekitazama kichupa hiki leo amtaje na yeye.