Mdogo wako anacheza baleti kwa dhati? Soma hii kwanza

Kila nikisema mdogo wangu wa kike anacheza baleti, watu kwanza wanacheka, halafu wanauliza maswali matatu yaleyale. Kwani si ni mambo ya wazungu? Si atavunjika miguu? Na je, italipa? Wadau, leo naomba niyajibu kwa kirefu, kwa sababu wengi mnaosoma hapa saiba bado si wazazi. Ninyi ndio kaka na dada mnaotumwa kumpeleka mtoto darasani, kumchapia fomu, kumtumia video za usaili. Mzazi analipa, lakini mtoto akilia ndani ya matatu anayemwona ni wewe.

Mimi si daktari wala mwalimu wa densi. Ni kaka mtu tu. Mdogo wangu alianza akiwa na miaka 7, sasa ana 14, na Jumamosi zangu nyingi hapa Nairobi zimeishia kwenye benchi nje ya ukumbi nikimsubiri. Kwenye benchi unasikia mengi, na nisiyoyaelewa nimeyatafuta na kuwauliza wanaojua.

Tuanze na hilo la wazungu, maana ni jepesi. Baleti ilianzia kwenye majumba ya wafalme wa Italia na Ufaransa, hakuna anayebisha. Shule ya Opera ya Paris ilianzishwa mwaka 1713, na ile ya St. Petersburg inayoitwa Vaganova mwaka 1738. Lakini watoto wa Kibera nao wamefundishwa baleti kwa miaka mingi, na mmoja wa walimu wao, Mike Wamaya, aliingia kumi bora ya tuzo ya Global Teacher Prize mwaka 2017. Joel Kioko, kijana wa Kuwinda hapahapa Nairobi, alijifunza hatua za kwanza katika darasa la shule ya umma lisilo na kioo wala fimbo ya kushikia, madawati yamesukumwa nje. Baadaye akafika shule ya English National Ballet, London. Basi, hilo tulifunge.

Sasa, baleti ya Jumamosi na baleti ya dhati ni vitu viwili. Ya Jumamosi ni mchezo kama mingine, mtoto anafurahi, mnaenda nyumbani. Ya dhati huingia taratibu, mara nyingi mtoto akiwa na miaka 10 au 11. Siku moja kwa wiki inakuwa tatu, tatu zinakuwa tano. Vaganova huchukua watoto wa takriban miaka 10 na kuwafundisha miaka minane. Paris kuna mtihani kila mwaka, na asiyefaulu anafungasha. Huku kwetu wengi hupimwa kwa mitihani ya Royal Academy of Dance ya London, ngazi kwa ngazi. Akifika 17 au 18 anatakiwa awe tayari kutafuta kazi. Hebu piga hesabu uone tatizo liko wapi: miaka ileile ambayo mwili unabadilika, nyonga zinapanuka, hedhi inaanza, ndiyo miaka ambayo mwili huo unatazamwa na kuhukumiwa kuliko wakati wowote. Karibu kila shida nitakayoitaja inatoka hapo.

Fikiria saa mbili mbele ya kioo cha ukuta mzima, umevaa nguo ya kubana isiyoficha kitu, na mtu anakwambia bega liko juu, goti halijanyooka, tumbo ndani. Hivyo ndivyo darasa linavyokwenda hata kwa mwalimu mpole. Jambo ambalo wasiocheza hawalijui ni kwamba kusahihishwa ni heshima. Mwalimu akikusahihisha maana yake anakuona. Mtoto anayetoka amenuna mara nyingi si yule aliyekemewa, ni yule ambaye leo hakuambiwa kitu.

Ndiyo maana nyumbani pasigeuke darasa la pili. Usimuulize kama mwalimu amemsifu. Usimrekodi halafu umwonyeshe alipokosea, hata kama umetazama YouTube mpaka umekuwa mtaalamu. Na usimlinganishe na yule mwenzake mrefu, yeye mwenyewe amejilinganisha naye mbele ya kioo tangu saa tatu asubuhi. Kwetu tulikubaliana na mama kwamba swali la kwanza ndani ya matatu ni "una njaa?" Akitaka kueleza mengine ataeleza, na huwa anaeleza tukishapita vituo vitatu hivi.

Halafu kuna mwaka wa kurefuka. Mtoto akianza kurefuka kwa kasi, mifupa hutangulia na misuli hufuata nyuma. Mguu uliokuwa unapanda hadi sikioni haupandi tena, anayumba kwenye mizunguko, nguvu ya mwaka jana haipo. Mwalimu asiyejua atasema amezembea, na mzazi naye anaanza kuhesabu ada. Mdogo wangu yalimkuta akiwa na miaka 12, na kwa miezi kadhaa aliamini kabisa kwamba kipaji kimekwisha. Wapi! Ni hali ya kupita. Inaweza kuchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Katika kipindi hicho apunguziwe miruko, mtu asimvute mguu kwa nguvu, na aelezwe kinachoendelea mwilini mwake kila akisahau. Sisi tulimpima kwa penseli kwenye fremu ya mlango. Alipoona mistari inavyopanda, akacheka mwenyewe.

CHAKULA

Hapa ndipo hatari yenyewe ilipo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba wachezaji densi wana hatari ya kupata matatizo ya ulaji karibu mara tatu ya watu wengine. Kwa wa baleti ilikadiriwa kuwa takriban 16 kati ya kila 100. Na matatizo ya ulaji si kuringia chakula jamani. Ni ugonjwa, na unaweza kuua: kujinyima, kula na kujitapisha, kufanya mazoezi usiku ili "kulipia" chapati ya mchana. Hauji na matangazo. Mtoto anaanza kusema ameshakula kwa rafiki. Anakatakata chakula vipande vidogo na kukizungusha kwenye sahani. Anavaa sweta kubwa siku ya joto. Anakimbilia chooni mara tu baada ya kula.

Dalili moja sisi kaka tunaona aibu kuitaja, nayo ni hedhi. Kama huwezi kuuliza, mwambie mama au shangazi aulize. Binti aliyekuwa akipata hedhi halafu ikakosekana miezi mitatu, au aliyefika miaka 15 bila kuianza, apelekwe kwa daktari. Kuna watakaowaambia kwamba kwa wachezaji hiyo ni kawaida. Inatokea sana, ndiyo, lakini si salama. Mwili usiopata chakula cha kutosha huanza kuzima kile usichokihitaji leo, homoni zinashuka, na mifupa inadhoofika. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa taarifa kuhusu upungufu huu kwa wanamichezo mwaka 2014, na ikaeleza kwamba unawapata wavulana pia. Ujanani ndipo mtu anapojenga sehemu kubwa ya mifupa atakayoishi nayo. Binti wa miaka 16 anaweza kupasuka mfupa wa mguu kwa kuruka tu.

Mtoto anayefanya mazoezi siku tano kwa wiki anahitaji kula kuliko wewe unayekaa mbele ya kompyuta. Wala hana haja ya vyakula vya ajabu. Ugali, wali, viazi vitamu, maharagwe, ndengu, mayai, maziwa, sukuma. Omena ni nzuri mno kwa sababu unaila na mifupa yake, na kalsiamu iko humo. Ndizi na karanga kabla ya darasa, uji wa maziwa baada. Na kwetu ni marufuku kuongelea unene wa mtu yeyote, hata wa jirani, hata kwa utani. "Naona umenona" ni salamu nzuri kwa shangazi zetu, lakini mtoto wa baleti ataibeba wiki nzima.

VIATU NA MAUMIVU

Wote wanavitamani vile viatu vya satini vya kusimamia ncha za vidole. Madaktari wa densi kwa kawaida hushauri visianze kabla ya takriban miaka 12, na mtoto awe amefundishwa miaka kadhaa, kifundo na mgongo vimepata nguvu. Aliyepandishwa na miaka 9 hajawatangulia wenzake, mifupa ya miguu yake bado laini. Najua mtu ameshafikiria Gikomba. Nguo za kubana na viatu laini vya mitumba, sawa kabisa, hata sisi tumenunua. Vya ncha, hapana. Ncha yake ni tabaka za vitambaa na gundi. Ikishatumika hulainika na kufuata mguu wa aliyekuwa navyo. Hivi ni vya kupimwa mguuni, na mwalimu avione kwanza. (Rangi nayo ni hadithi. Wachezaji weusi walikuwa wanavipaka vipodozi vya uso ili vifanane na ngozi yao. Freed of London walianza kutoa vya kahawia mwaka 2018 kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black.)

Maumivu ya misuli yanayoisha baada ya siku mbili yasikutishe. Lakini maumivu ya sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, kwenye muundi au unyayo, yanayozidi akiruka na yanayobaki hata amelala, hayo ni ya daktari, huenda mfupa umepata ufa mdogo. Watoto hawa huficha maumivu. Akikaa nje wiki mbili, mwingine anachukua nafasi yake kwenye onyesho la Desemba. Mwambieni mapema, kabla hajaumia, kwamba nafasi ikipotea nyumbani hakuna atakayemlaumu.

ITALIPA?

Hapa niseme la kwetu. Mtoto akisifiwa mara mbili na kupigwa picha na wanahabari, mtaa mzima unaanza: huyu ndiye atakayetutoa. Mjomba ameshahesabu pauni. Mtoto wa miaka 12 anacheza huku amebeba kodi ya nyumba mgongoni. Kazi za baleti duniani ni chache, wanaozitaka ni wengi, na anayeanza hapati pesa za kujenga ghorofa. Ufadhili ukija, ni wa mtoto kusoma. Mwenye kumwambia "usituangushe" siku ya usaili, ni bora akae nyumbani siku hiyo.

Watu hupenda kuleta mfano wa Carlos Acosta. Baba yake, dereva wa lori huko Havana, alimlazimisha kwenda shule ya baleti wakati yeye anataka mpira. Alitoroka masomo, akafukuzwa, na bado mwaka 1990 akashinda Prix de Lausanne, kisha akawa nyota wa Royal Ballet. Ni kweli yote. Lakini tunamjua kwa sababu alifika, na mwaka 2018 akatengenezewa filamu. Waliolazimishwa wakaishia na magoti mabovu na chuki kwa baba zao, hakuna anayewaita kwenye mahojiano. Misty Copeland yeye alianza na miaka 13, umri ambao wengi wangesema amechelewa, na mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupanda kuwa mchezaji mkuu katika American Ballet Theatre. Kwa hiyo anayewatisha kwamba mtoto akikosa kozi moja ya likizo basi yamekwisha, msikilizeni kwa sikio moja.

Jina kubwa la shule nalo si ulinzi. Mwaka 2019 chuo cha baleti cha Opera ya Taifa ya Vienna kilichunguzwa, na tume ikasema watoto hawakulindwa ipasavyo. Miongoni mwa yaliyoelezwa ni wanafunzi kushauriwa wavute sigara wabaki wembamba! Mwaka 2020 ikafuata shule ya serikali ya baleti ya Berlin, na mwaka 2023 BBC ikatangaza malalamiko ya waliosoma shule kubwa za Uingereza kuhusu walivyodhalilishwa kwa sababu ya miili yao. Sisemi mtoto asiende. Nasema muulize kabla: wazazi wanaruhusiwa kutazama darasa? Watoto wanapimwa uzito mbele ya wenzao? Akiumia anatibiwa na nani? Mwalimu wa baleti humgusa mwanafunzi kumnyoosha, ni sehemu ya kazi, lakini mzuri huomba ruhusa kwanza. Mwalimu akikasirishwa na maswali haya, mmeshapata jibu.

Na ninyi mnaotuma video kutoka saiba: shule halisi huandika kwenye tovuti yake picha gani inazitaka na zitumwe vipi. Mtu anayeomba picha za mtoto kwa namba yake binafsi ya WhatsApp usimtumie, hata akiwa na jina la kizungu na ahadi ya tiketi ya ndege. Mtoto akifanyiwa jambo baya, namba 116 ni ya simu ya watoto, ni bure, Kenya na Tanzania.

Barua za kukataliwa zitakuja. Nyingi hazitoi sababu, na msimtungie sababu, maana atakayoichagua yeye itakuwa mwili wake. Ya kwetu ilikuja mwaka jana. Mama alipika pilau, hakuna aliyehutubia. Jumamosi iliyofuata nilimwacha alale. Ile ya pili yake akanigongea mlango mwenyewe saa kumi na mbili, tukaenda. Asingegonga pia sawa, ana shule na ana mambo mengine anayoyapenda, na hilo alikuwa ameambiwa tangu zamani.

Kama kuna mwalimu wa densi anayesoma hapa, tafadhali atuambie Mombasa na Kisumu watoto wanafundishwa wapi. Nimeulizwa sana na sina jibu.