Kusitisha na kuendelea (programu ya kipima muda)

Kusitisha na kuendelea ni uwezo wa programu ya kipima muda kusimamisha hesabu mtumiaji anapobonyeza kitufe, kisha kuiendeleza kutoka pale ilipoishia. Uwezo huu hutumika katika programu za mapishi, mazoezi ya mwili, mitihani na michezo. Saa ya kifaa chenyewe haisimami. Kinachosimama ni hesabu ya programu. Kwa hiyo kazi ya msanidi ni kutunza muda uliokwisha kuhesabiwa na kuutenga na muda wa mapumziko.

Namna ya kuhesabu

Wanaoanza hupenda kupunguza moja kila sekunde, kwa mfano kwa setInterval ya JavaScript. Njia hiyo haina uhakika, kwani mfumo hauahidi kutekeleza amri kwa wakati kamili. Kila mzunguko ukichelewa milisekunde 10, kipima muda cha dakika 10 kitachelewa sekunde 6. Isitoshe, vivinjari hupunguza kasi ya mizunguko hiyo ukurasa unapofichwa.

Njia ya kuaminika hutunza namba mbili: muda uliokusanyika, na saa ilisoma ngapi kipindi cha sasa kilipoanza. Muda uliopita ni jumla ya ule uliokusanyika na tofauti kati ya sasa na mwanzo wa kipindi. Tuseme saa ya ndani inasoma sekunde 100 mtumiaji anapoanza, na 140 anapositisha: sekunde 40 zinawekwa akiba. Akiendelea saa ikisoma 300, mwanzo mpya ni 300. Ikifika 320, muda uliopita ni 40 na 20, yaani sekunde 60. Mapumziko ya sekunde 160 hayamo. Kipima muda cha sekunde 90 kingeonyesha kuwa zimebaki 30. Mizunguko hubaki na kazi moja tu, kuonyesha upya namba kwenye skrini.

Hali za programu

Programu huwa katika hali moja kati ya nne: haijaanza, inaendelea, imesitishwa au imekwisha. Kila kitufe hukubaliwa katika hali inayokihusu tu. Bila ulinzi huo, kubonyeza Endelea mara mbili hufuta mwanzo wa kipindi na kupoteza sekunde zilizokwisha pita, na kubonyeza Sitisha mara mbili huweza kuhesabu mapumziko kama kazi. Kengele iliyopangwa kwenye mfumo nayo hufutwa wakati wa kusitisha na kupangwa upya wakati wa kuendelea; la sivyo italia kabla ya wakati.

Uchaguzi wa saa

Saa ya tarehe haifai kupimia muda, kwa kuwa mtumiaji au mtandao unaweza kuisogeza mbele au nyuma. Hutumika saa isiyorudi nyuma, kama performance.now katika vivinjari au time.monotonic ya Python, iliyoingia katika toleo la 3.3 mwaka 2012. Katika Android, elapsedRealtime huhesabu hata simu inapolala usingizi mzito, ilhali uptimeMillis huacha. Kwa kipima muda cha jikoni, ya kwanza ndiyo sahihi.

Zana zilizopo

Darasa la CountDownTimer la Android halina amri ya kusitisha: msanidi hulifuta, hutunza milisekunde zilizobaki, kisha huunda jipya. Katika Chronometer, darasa jingine la Android, amri ya stop husimamisha maonyesho tu. Usipohamisha msingi wa hesabu kwa setBase, namba zitaruka na kujumlisha mapumziko.

Kuhifadhi

Mfumo ukiifunga programu, hesabu hupotea isipokuwa imeandikwa kwenye hifadhi. Kipima muda kinachoendelea ndicho kigumu kurejesha, kwa kuwa elapsedRealtime huanza tena kutoka sifuri simu inapowashwa upya, na hapo saa ya tarehe huhitajika kukadiria muda uliopita. Kilichositishwa huhitaji tu hali yake, muda wote uliowekwa na muda uliokusanyika, na hurejeshwa bila kutegemea saa yoyote.