Nyama Ilisingiziwa

Aprili 1979, mji wa Sverdlovsk, Umoja wa Sovieti. Watu wanashikwa na homa, wanakosa pumzi, wanakufa. Si chini ya 66. Serikali ikasema ni kimeta, wamekula nyama mbovu. Ukiskia hivyo unaamini tu, maana kimeta hata huku tunakijua: ng'ombe amekufa, watu wakamla.

Lakini Daktari Faina Abramova, aliyepasua maiti, aliona ugonjwa umekaa kifuani. Sasa wasee, nyama inaingiaje kwa mapafu? Hao watu walivuta kimeta hewani. KGB wakabeba faili za hospitali. Yeye na mwenzake Lev Grinberg wakaficha vipande vya viungo na maandishi yao, zaidi ya miaka kumi. Leo nchi zinanunua mashine za kunusa hewa, sawa, lakini mimi ningeanza na mochari.

1992, Rais Yeltsin akakubali ni jeshi. Timu ya Matthew Meselson ikachora ramani ya waliougua. Karibu wote walikuwa kwenye ukanda mmoja mwembamba, kutoka kambi ya jeshi, kufuata upepo wa Aprili 2. Mbele zaidi, vijijini, kondoo na ng'ombe waliokufa pia walikuwa kwenye mstari uleule.