Albamu ya Mwisho na Kiti cha Mpiga Drams

Mwaka 2013 nilikuwa Birmingham, Uingereza, nikihangaika na sura ya nne ya tasnifu yangu ya uzamivu. Jirani yangu alikuwa mzee mstaafu, aliyemaliza ujana na utu uzima wake katika viwanda vya vipuri vya magari. Sebuleni kwake zilipangwa santuri za Black Sabbath za miaka ya 1970, nane kwa idadi, na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuzishika kabla ya kunawa mikono. Mwezi Juni mwaka ule bendi hiyo ilipotoa albamu yake mpya iitwayo 13, niliinunua nikiamini nampelekea mzee zawadi. Aliipokea, akaigeuza nyuma, akasoma majina ya wapigaji, kisha akanirudishia. Alisema kwa upole kwamba ananishukuru, ila hawezi kuiweka ndani ya nyumba yake, kwa sababu Bill Ward hayumo.

Nilimwona mkaidi. Ninakiri kwamba nilimwona hata mjinga kidogo. Wasanii watatu kati ya wanne wa asili walikuwa wamerudi pamoja baada ya miaka mingi, mmoja wao akiwa katikati ya matibabu ya saratani, na yeye anakataa kusikiliza kwa sababu ya mpiga drams! Imenichukua miaka zaidi ya kumi kuelewa kwamba hoja yake ilikuwa ya kihistoria kuliko hoja zangu nyingi za wakati ule, na kwamba mabishano ya mashabiki kuhusu albamu ile yanastahili kusomwa kama tunavyosoma mabishano mengine yoyote juu ya kazi, jina na kumbukumbu.

Msomaji asiyeufahamu muziki wa hevi metali anahitaji kwanza kujua ulikotoka. Black Sabbath ni watoto wanne wa Aston, mtaa wa wafanyakazi katika jiji la viwanda. Ozzy Osbourne, mwimbaji, aliwahi kufanya kazi machinjioni na alikwisha kufungwa jela kwa wizi wa kuvunja. Geezer Butler, mpiga besi aliyeandika mashairi mengi ya bendi, alikuwa akijifunza uhasibu. Tony Iommi, mpiga gitaa, alikuwa kiwandani. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 17, katika siku yake ya mwisho kazini, mashine ya bati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto kupiga, vidole vilivyokatwa ndivyo vilivyokuwa vya kubana nyuzi. Msimamizi wake alimletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeshinda ulemavu wa vidole, ili asikate tamaa. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba zaidi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Sauti ile nzito, ya chini, inayotisha, ambayo maelfu ya bendi duniani wameiiga, ina deni kubwa kwa ajali ya kazini. Sijui aina nyingine ya muziki ambayo historia ya usalama kiwandani imo ndani ya sauti yenyewe namna hii.

Albamu yao ya kwanza ilirekodiwa kwa siku moja mwezi Oktoba 1969 na kutoka Februari 13, 1970. Mwezi Oktoba mwaka huohuo albamu ya pili, Paranoid, ilishika namba moja Uingereza. Fedha zilikuja, lakini kwa namna ambayo kila msomi wa uchumi wa kazi ataitambua: vijana walikuwa na magari na nyumba, wasijue mapato yao halisi ni kiasi gani. Albamu ya Sabotage ya mwaka 1975 waliitengeneza huku wakivutana mahakamani na aliyekuwa meneja wao. Kwa hiyo bendi hii ilijifunza mapema, na kwa maumivu, kwamba karatasi unayoweka sahihi ni sehemu ya muziki.

Osbourne alifukuzwa mwaka 1979. Ronnie James Dio akaingia, na Heaven and Hell ya mwaka 1980 ikawa mojawapo ya kazi bora kabisa zilizowahi kubeba jina lile. Kisha ukafuata msururu mrefu wa waimbaji na wapiga drams, Iommi akiwa nguzo pekee isiyoondoka, hadi albamu ya Forbidden mwaka 1995. Wale wanne wa asili walirudi jukwaani mwaka 1997, lakini albamu kamili ya studio haikupatikana. Mwaka 2009 Osbourne alimshtaki Iommi kuhusu umiliki wa jina la bendi. Wakapatana mwaka 2010.

Novemba 11, 2011, jijini Los Angeles, wote wanne walitangaza albamu mpya na ziara. Miezi miwili baadaye Iommi alitangaza kwamba ana limfoma, na kazi ya kutunga ikahamishiwa Uingereza ili awe karibu na madaktari wake. Mwezi Februari 2012 Ward aliandika hadharani kwamba hataendelea mpaka apewe mkataba anaoweza kuutia sahihi. Wenzake walijibu kwamba wamesikitika kuipata habari ile kupitia waraka wa hadharani, na kwamba hawana budi kuendelea bila yeye. Kiti chake studio akakikalia Brad Wilk wa Rage Against the Machine, mtayarishaji akiwa Rick Rubin.

Albamu ilipotoka ilishika namba moja Uingereza, takriban miaka 43 tangu Paranoid, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya bendi ikashika namba moja Marekani. Wimbo wa “God Is Dead?” ukapata tuzo ya Grammy mwaka 2014. Kwa kipimo cha soko, mjadala ulikuwa umefungwa. Kwa mashabiki ndiyo kwanza ulikuwa unafunguliwa.

Nilitumia muda mwingi mwaka ule, muda ambao msimamizi wangu wa tasnifu alidhani natumia maktaba, nikiwasikiliza mashabiki hawa kwenye baa, kwenye maduka ya santuri na kwenye foleni za tiketi. Wapo waliofurahi tu, na furaha yao haikuhitaji nadharia: Iommi alikuwa hai, gitaa lake lilikuwa linanguruma, basi. Wengine walisikiliza kama wahariri. Walionesha kwamba wimbo wa kwanza, “End of the Beginning”, umejengwa juu ya mwendo wa wimbo wa kwanza kabisa wa mwaka 1970. Kwamba “Zeitgeist” ni kivuli cha “Planet Caravan”. Kwamba albamu inafungwa na sauti ya mvua, radi na kengele zilezile zilizofungua safari nzima. Rubin alikuwa amewaketisha wazee wale wasikilize tena santuri yao ya kwanza ili warejee kule. Walichokipata, walisema wahariri hao, ni bendi inayojiiga yenyewe. Aidha walilalamikia ukamilishaji wa sauti katika studio, kwamba kila kitu kimesukumwa juu mpaka hakuna nafasi ya pumzi kati ya kishindo na kimya. Binafsi naona hoja hii ya pili ina nguvu kuliko ya kwanza. Mzee wa miaka 64 akijirudia, huenda anajirudia kwa sababu pale ndipo nyumbani.

Kulikuwa na kundi jingine ambalo lilinivutia kama mwanahistoria. Vyombo vya habari viliiuza 13 kama albamu ya kwanza ya studio ya Osbourne na Black Sabbath tangu Never Say Die! ya mwaka 1978, na hilo ni kweli. Lakini katika midomo ya wengi kauli hiyo ilifupishwa ikawa “albamu ya kwanza ya Black Sabbath ya kweli” tangu 1978. Wapenzi wa Dio, aliyekuwa amefariki Mei 2010, walichukia, na wapenzi wa Tony Martin, aliyeimba kwenye Headless Cross na Tyr, walichukia zaidi kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwakumbuka hata kwa kuwakejeli. Miaka 17 ya kazi halali, yenye jina lilelile kwenye jalada, inageuzwa kuwa kipindi cha mpito. Ninyi mnaosoma historia ya siasa mnaifahamu mbinu hii. Anayerudi madarakani huanza kwa kugawa upya vipindi vya wakati, na kipindi ambacho hakuwepo hupewa jina la giza au halipewi jina kabisa.

Sasa nirudi kwa mpiga drams, kwa kuwa hapo ndipo mashabiki walipogawanyika kwa uchungu wa kweli. Hoja ya kiufundi ilikuwa kwamba Ward hakupiga drams kama watu wa roki wa baada yake. Alikulia katika jazi na bendi kubwa za densi, na mikono yake ilikuwa na mbembeo. Alilijibu gitaa badala ya kulisindikiza. Wilk ni mpigaji hodari, mnyofu, mwenye nguvu, na katika albamu ile anafanya alichoombwa. Ukisikiliza 13 baada ya Paranoid unaona kwamba uzito upo na mbembeo haupo.

Hoja ya pili ilihusu haki. Mashabiki walibishana juu ya mkataba ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona. Upande mmoja ulisema hakuna mtu aliye mkubwa kuliko bendi, na kwamba kumwacha mwenzako anayeumwa saratani kwa sababu ya masharti ya malipo ni ubinafsi. Upande wa pili ulisema kwamba mgonjwa asitumiwe kama fimbo ya kumlazimisha mwenzake atie sahihi. Mwaka 2015 Osbourne alisema hadharani kwamba afya ya Ward ndiyo iliyokuwa kikwazo. Ward akayakataa maelezo hayo na kutaka aombwe radhi. Ziara ya mwisho ikamalizikia Birmingham, Februari 4, 2017, bila yeye.

Jirani yangu hakuwa na habari za ndani kuliko mwingine yeyote. Alichokuwa nacho ni maisha ya kiwandani. Aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi, kila mara mtu alipokataa kutia sahihi, wakubwa walisema vilevile: mlango uko wazi, lakini kazi haiwezi kusimama. Na kila mara kazi iliendelea kweli, na bidhaa ikatoka, na wanunuzi hawakuona tofauti. Yeye aliamua kuwa mnunuzi anayeona tofauti. Nilimuuliza iwapo hilo si kuwaadhibu Iommi na Butler, wenzake wa Aston pia. Alifikiri, akasema inawezekana, na akaniongezea chai.

Nilipinga msimamo wake wakati ule kwa hoja ambayo bado naiona halali: kususia kimyakimya, sebuleni, kitu ambacho kimeuzwa kwa mamia ya maelfu, hakumsaidii Ward kwa senti moja. Ila sasa naona nilikuwa napima jambo kwa mzani wake usiohusika. Mzee hakuwa akijaribu kuubadilisha mkataba. Alikataa tu kushiriki katika kusema kwamba nafasi ya mtu yule haikuwa na mtu.

Julai 5, 2025, katika uwanja wa Villa Park, Aston, wale wanne walipanda jukwaani pamoja kwa mara ya mwisho. Osbourne, aliyedhoofishwa na ugonjwa wa Parkinson, aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi cheusi. Nyuma yake, kwenye drams, alikuwa Bill Ward. Walipiga nyimbo nne na zote zilikuwa za mwaka 1970. Hata moja haikutoka kwenye 13. Osbourne alifariki Julai 22, siku kumi na saba baadaye. Jirani yangu hakuliona tamasha hilo, kwani alikwisha kutangulia mbele ya haki miaka kadhaa kabla.

Nakala aliyonirudishia ninayo ofisini hadi leo. Juzi niliisikiliza tena mpaka mwisho, mpaka ile mvua na kengele. Katika santuri ya mwaka 1970, mvua ikishanyesha na kengele ikalia, bendi nzima inaangukia juu yako, gitaa, besi na drams za Ward kwa pigo moja. Katika 13 mvua inanyesha, kengele inalia, kisha kimya.