Haya Iliyotoweka: Kutoka Azimio la Arusha Hadi Kumbi za Kiwanja cha Ndege

Kila ifikapo tarehe 5 Februari, siku ambayo Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, hutolewa hotuba mbili tatu na mji wetu wa Arusha hurejea katika shughuli zake. Lakini safari hii kumbukumbu hiyo imenikuta nikitafakari jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni ukumbi wa wasafiri wenye hadhi katika viwanja vya ndege, ambamo mwenye kadi fulani ya benki au tiketi ya daraja la juu huketishwa juu ya kiti cha ngozi, akakaribishwa korosho na kahawa, hali mwenziwe aliyetoka naye Terrat, hapa hapa Arusha, katika gari moja yuko nje akitafuta mahali pa kuegesha mzigo wake. Kahawa kama ile huuzwa hatua chache kutoka hapo. Anachokilipia mtu ni mlango unaofungwa nyuma yake.

Tamaa ya mlango huo ina nasaba ndefu. Reli ilipofika Arusha mwaka 1929 mabehewa yalikuwa na madaraja matatu, na aghalabu rangi ya abiria ndiyo iliyomwonyesha behewa lake. Ng'ambo, shirika la American Airlines lilifungua klabu yake ya kwanza katika kiwanja cha LaGuardia, New York, mwaka 1939, ya walioalikwa tu, na baadaye uanachama ukauzwa. Mwaka 1992 ikazuka kadi ya Priority Pass, iliyomfungulia kumbi msafiri wa shirika lolote maadamu amelipa ada.

Kwetu, uhuru ulipopatikana mwaka 1961, wenyeji walioshika ofisi za wakoloni walirithi pamoja nazo mishahara, nyumba za uzunguni na fahari zake, na wenye magari ya Mercedes-Benz wakaitwa wabenzi, jina lililoenea Afrika Mashariki nzima. Ugomvi juu ya fahari hizo ulikuwa ukichemka chini kwa chini, na siku ulipofurika, ulifurika mbele ya Rais mwenyewe.

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, waliandamana wamevaa majoho yao hadi Ikulu, kupinga sheria iliyowataka wasomi watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Baadhi yao walibeba bango lililosema kwamba wakati wa mkoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza mpaka mwisho, mawaziri wake wakiwapo, kisha akawajibu kwa ghadhabu ambayo waliokuwapo hawakuisahau. Alisema ni kweli, kama walivyolalamika, kwamba mishahara ya wakubwa imezidi; kwamba yeye mwenyewe hupokea shilingi 5,000 kwa mwezi, na mtu wa shilingi 200 kwa mwezi angehitaji miaka 25 kupata kile ambacho Rais hukipata kwa mwaka mmoja. Papo hapo akaupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, akaahidi kuipunguza na ya wakubwa wengine, na vijana wale akaamuru warudishwe makwao, wengi wao wasirejee masomoni hadi mwaka uliofuata. Adhabu ile ilikuwa kali, sikatai. Lakini sijui kisa kingine katika historia yetu ambamo mkubwa, alipotuhumiwa israfu, alianza kukata kwake.

Miezi mitatu baadaye Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Arusha, na masharti ya uongozi yakaandikwa: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, wala ukurugenzi katika kampuni ya kibepari, wala mishahara miwili, wala nyumba ya kupangisha, na ili pasiwe na hila, sharti lilimshika mke pamoja na mume. Watu waliandamana kwa miguu kuunga mkono, na kijana Seth Benjamin alifia katika matembezi hayo.

Mzee mmoja wa Terrat, karani mstaafu wa serikali niliyeketi naye kwa ajili ya makala haya, hulisimulia Azimio kwa jicho la nyumba. Kutaifishwa kwa mabenki kulikofuata Azimio hakukumgusa, lakini alikuwa na vyumba vinne mjini alivyopangisha, na ilimbidi aviweke katika amana kwa ajili ya wanawe kama ilivyoruhusiwa. Iliniuma, asema, ila nilipata kitu. Bwana mkubwa wa idara yake, ambaye awali hakupata kupanga foleni popote, alianza kusimama nyuma ya matarishi dirishani, na aliposogezwa mbele alikataa, kwa kuona haya. Mzee huyu haamini kwamba Azimio liliwatajirisha maskini. Anaamini kwamba liliwatia haya wakubwa, na nimekubaliana naye.

Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU uliwakataza viongozi kiburi na ubadhirifu, na wafanyakazi wakautumia kuwakataa mameneja waliowadharau. Mwaka huo huo kiwanja cha Kilimanjaro kilifunguliwa, ili watalii wa kaskazini wasilazimike kupitia Nairobi. Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ilipokutana Zanzibar, masharti yale yalilegezwa: mishahara miwili ruksa, hisa ruksa, nyumba za kupangisha ruksa. Yaliyofuata ni benki nyingi, kadi za rangi mbalimbali, na kumbi.

Simlaumu msafiri aliyechoka akitaka kiti. Ninachokililia ni kwamba wageni huvuka Arusha kwenda Serengeti bila kuonyeshwa jumba la makumbusho la Azimio pale Kaloleni, karibu na Mnara wa Mwenge, na wenyeji hatuwazidi sana. Mjukuu wa mzee yule anaijua kadi ipi hufungua ukumbi upi. Azimio hajapata kulisoma. Babu yake anataka kila shule ya Terrat ipewe nakala ya masharti yale, watoto wasomewe neno kwa neno, pamoja na lile la mke na mume, kisha waachiwe waulize watakalo kuhusu viongozi wao wa leo.